Ombi la Kufutwa kwa Salamu kwenye Dirisha la Maziwa

Kituo cha Kukusanyia Maziwa,
Kilosa.

Ndugu Meneja Bryson,

Kuna mlio uliokataa kunitoka masikioni: mfuniko wa keni ya maziwa ya Mzee Lekishon ukirudishwa mahali pake kwa nguvu. Alikuwa ameinua mkono amguse Mwamvua kichwani, kama wazee wa kifugaji wanavyowasalimu vijana. Mwamvua, mpokea maziwa mwenzetu ambaye wiki ile alikuwa anaongoza kwenye ubao wa malengo, hakuinama. Alimwambia, "Mzee, mimina, foleni inasonga." Mkono ukabaki hewani. Mzee akafunga keni, akasema kwa upole, "Maziwa haya yametoka kwa watu," akayapandisha tena kwenye bodaboda na kurudi nayo Rudewa.

Mwamvua tumempa zawadi ya birika la umeme. Nakuandikia kulalamika kwamba hatujafika mbali vya kutosha.

Tangu urudi kwenye semina ya motisha kule Mikumi, ambako ulituambia uliwaona pundamilia kupitia dirisha la ukumbi, tuna lengo moja linalopimika: kila mfugaji ahudumiwe ndani ya dakika mbili. Anayeongoza hupata zawadi. Atakayeshika mkia mwezi huu mkataba wake hauongezwi, na anayeshika mkia ni Namunyak. Mimi ndiye ninayeujaza ubao huo, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

1. Namunyak anasalimia. Humwinamia kila mzee, kisha huulizana habari za watoto, mvua, majani, na ng'ombe mmoja mmoja kana kwamba wote wamesoma naye. Katikati ya hayo mzee humtajia kwamba yule ng'ombe mwekundu alichomwa sindano ya dawa juzi, na Namunyak huyaweka maziwa ya ng'ombe huyo kando. Huku ni kuhujumu dakika mbili mchana kweupe.

2. Mtindi tunaougandisha hapa nao umeanza utovu wa nidhamu. Tangu wengine tuache kuuliza habari za ng'ombe, maziwa yenye dawa yanaingia tangini kwa kasi ya kuridhisha, na mtindi unagoma kuganda. Wiki iliyopita pipa zima lilibaki majimaji. Napendekeza mtindi uwekewe lengo lake, na ukishindwa uandike barua ya kujieleza, kama alivyoandikishwa Namunyak.

3. Misiba inatuchelewesha. Mama mmoja wa Munisagara alianza kutueleza dirishani kwamba amefiwa na mumewe. Mlinzi wetu Goodhope, kwa kuujali ubao, akamwambia pole zinatolewa nje ya geti. Akaenda kusubiri nje. Hakuna aliyetoka. Hata hivyo alihudumiwa haraka kuliko wateja wote wa mwezi huu, na naomba aingizwe kwenye ripoti kama mfano wa mafanikio.

4. Wewe mwenyewe, kwa heshima zote, unatuangusha. Kila asubuhi unapita meza hadi meza ukipokea shikamoo, na Jumatatu Goodhope aliposahau ya kwake ulimwita ofisini ukamuuliza amelelewa wapi. Nimetafuta kwenye ubao wote. Marahaba haimo.

Hivyo naomba salamu zifutwe kituoni kote, kuanzia kwako. Kwa wazee wasioweza kuziacha, kitundikwe kibuyu langoni, kwa kimo cha kichwa cha binti, wakiguse na kupitiliza. Kibuyu hakina majibu marefu. Tukishazoea, tuwaombe wafugaji wabaki nyumbani na ng'ombe waje wenyewe, kwa kuwa sijawahi kumwona ng'ombe akisimamisha foleni ili kuulizia watoto wa mtu. Na Namunyak aondoke, kama lengo linavyotaka. Mtu anayezungumza na watu hafai kupokea maziwa kutoka kwa watu.

Wafikishie salamu zangu mama watoto, wakwe, na majirani wa pande zote mbili, ila usisubiri wajibu.

Wako mtiifu, ndani ya dakika mbili,

Debora Yeremia
Karani wa Takwimu

Tanbihi: Leo asubuhi, kabla ya kuiweka barua hii mezani kwako, nilikwenda Rudewa pamoja na Namunyak. Niliinamisha kichwa, mkono wa Mzee Lekishon ukatua, tukaulizana mpaka chai ikaisha na nyingine ikachemshwa. Nilimwambia kwamba mkataba wa Namunyak umeongezwa na kwamba wewe ndiye uliyetutuma. Alifurahi mno, akawapigia simu ndugu zake wote wenye mifugo kuwapa habari hiyo. Kesho wanakuja pamoja na maziwa yao, na mzee ameahidi kuanza na wewe, maana kwa umri wake wewe bado ni mtoto. Tafadhali njoo bila kofia.