Hukumu ya Kamba ya Juani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimedhulumiwa! Natoka kuwapelekea wateja nguo zao, narudi nakuta mashuka yangu yamehamishiwa kamba ya nyuma ya vyoo. Kivulini! Kamba ya juani, niliyoanikia miaka kumi na tisa, imejaa vitambaa vya Mkasi, yule mshonaji wa chumba cha nne. Eti Karani kaamua. Karani ndiye msimamizi wa nyumba yetu ya vyumba sita. Zamani alikuwa karani wa mahakama, na hadi leo akikohoa, anakohoa kama hakimu.

Nikamuuliza Mkasi mbona sikuulizwa. Akanijibu kwa upole, mnafiki yule, kwamba Bibi sasa upumzike, umri umekwenda. Nikamuuliza umekwenda wapi, kwani alikutana nao njiani?

Mimi ni dobi. Nguo isiyoona jua inanuka, na mteja ana pua. Bila kamba ile sina kazi.

Jumanne, tarehe 4

Mjukuu wangu anasomea sheria. Ana mtihani, basi anasoma kwa sauti, nami nasugua. Leo kasoma habari za mfungwa mmoja wa nchi ya mbali, fukara, aliyehukumiwa bila wakili. Akaandika barua gerezani kwa penseli. Kwa penseli! Mahakama ya juu kabisa ikamsikiliza, ikasema hata maskini lazima apewe wakili, na nchi nzima ikabadilika.

Nikaacha kusugua. Penseli ninayo, ndiyo hii.

Nimemwandikia Karani. Darasa langu la nne halikupotea bure. Nimedai mawili: nisikilizwe, na nipewe wakili. Mjukuu akalalamika kwamba mtihani ni Ijumaa. Nikamwambia hata mimi nilipokuwa namfulia nepi nilikuwa na shughuli nyingine.

Jumatano, tarehe 5

Kesi imesikilizwa uani. Karani akasema hakuna aliyeonewa: kamba mbili, urefu mmoja, kila mtu na yake, sawa kwa sawa. Mkasi akaitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani.

Wakili wangu, yaani mjukuu, akasimama. Akaeleza kwamba nchi ileile ya mfungwa iliwahi kuwatenga watoto weusi na weupe, hawa shule zao, wale zao, na ikaitwa sawa. Wazazi wakaenda mahakamani. Majaji wote, bila hata mmoja kupinga, wakasema kule kutenga kwenyewe ndiko kutokuwa sawa. Niliwafikiria wale watoto na madaftari yao, nikaona haya kuwaingiza kwenye habari za mashuka. Haya kidogo tu.

Karani akakohoa. Akaamua: kamba zote ni za wote, anayewahi aanike. Nikamtazama Mkasi, nikadai iongezwe kwamba mtu asibaguliwe kwa umri wake. Karani akaniuliza kama nina hakika, maana hukumu ikishaandikwa humfunga hata aliyeiomba. Nikamwambia aandike, asinichoshe! Kaandika, kaibandika ukutani juu ya bomba.

Nimeshinda. Nimepita mbele ya chumba cha nne mara tatu bila sababu.

Alhamisi, tarehe 6

Wamekuja wote! Mama Nepi wa chumba cha pili, mwenye mapacha, kaamka kabla ya jogoo. Chumba cha sita wameleta blanketi la msimu mzima wa mvua. Nimebakiwa na nafasi ya soksi moja. Mwenzake hakupata.

Nikaenda bombani, ambako siku zote napishwa kwa uzee wangu. Mama Nepi akanionyesha karatasi kwa kidole, akasema foleni inaanzia nyuma, Bibi, hapa hatubagui umri. Maneno yangu mwenyewe! Benchini nako Mkasi hakuinuka. Eti alitamani sana kunipisha, ila anaogopa kuvunja sheria.

Ijumaa, tarehe 7

Asubuhi nimekwenda kuibandua ile karatasi. Gundi ya Karani ni balaa. Ikachanika katikati, na nusu ikiwa mkononi mwangu, nyumba nzima ikatoka na ndoo. Mama Nepi akataka nikatazwe bomba wiki nzima, papo hapo. Dobi bila maji! Wakili wangu yuko mtihanini. Natafuta neno la kisheria, nakuta povu tu kichwani.

Ndipo Mkasi, huyohuyo, akasema haiwezekani: Bibi hajasikilizwa na wakili wake hayupo, asubiriwe. Wakasubiri. Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia kafunga vifungo vya shati upande.

Jioni nimesikilizwa. Adhabu: ninakili hukumu upya kwa mkono wangu, niibandike mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 8

Mkasi kaja na wazo. Yeye aanike asubuhi, mimi mchana, tuwaombe na wengine wapokezane, jua linatosha. Maneno ya busara kabisa. Nimekataa. Nimeanza kutambuliwa na sheria, leo nipatane mlangoni kama wauza mitumba?

Nimenakili safi. Ila chini, kwa herufi ndogo, nikaongeza: isipokuwa Bibi Dobi.

Kufika adhuhuri, chini ya maneno yangu pameandikwa: isipokuwa mwenye mapacha. Isipokuwa mshonaji. Isipokuwa wenye blanketi. Karani akasoma, akakohoa mpaka akakaa chini. Akatangaza kwamba kwa kuwa kila mtu amejitoa kwenye hukumu, hukumu haina mtu. Turudi ilivyokuwa Jumatatu.

Mashuka yangu yako nyuma ya vyoo. Mjukuu ananitazama, na anajua kunitazama. Mkasi kapita tena na lile wazo lake la asubuhi na mchana. Nimemwambia asubiri rufaa.

Maana nimekaa, nimefikiri, kosa langu nimeliona. Ni penseli. Nimemtuma mjukuu akaninunulie kalamu ya wino.