Malalamiko Kuhusu Omu Moja Iliyoniaibisha Mbele ya Wakwe

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Ufundi,

Baada ya salamu, na baada ya kunywa maji nipoe kwanza, naandika kulalamikia makala yako kuhusu kulinganisha amplifaya na spika. Mimi ni seremala. Mtaani wananiita Bwana Mdundo, jina nililolitolea jasho, kwani makasha ya spika zangu nne nimeyaranda kwa mikono hii. Jina hilo sasa limeingia doa, na aliyelitia doa ni wewe.

1. Makala yako iliingia nyumbani kwangu bila hodi. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alinunua gazeti kwa ajili ya ukurasa wa mishono, akaishia kukusoma wewe. Akanijia nikiwa na misumari mdomoni: "Baba watoto, spika zako ni za omu ngapi?" Nikamwambia nne kila moja, ndivyo kipimo cha ukinzani wa umeme kilivyoandikwa mgongoni mwake. Akauliza nimeziungaje. Nikamjibu kuwa zote nimezifunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kama ndugu wanaokula sahani moja. Akatikisa kichwa. "Basi amplifaya itakutana na omu moja tu, na nyuma imeandikwa isishuke chini ya nne. Utaiunguza." Nyumba yangu haijatulia tangu siku hiyo.

2. Hesabu zako ni za uchochezi. Nne mara nne ni kumi na sita, na aliyenifundisha alikuwa na fimbo. Wewe unasema spika zikiongezeka kwa mtindo huo, ukinzani unapungua, umeme unakimbia kwa wingi, na amplifaya inabebeshwa mzigo isiouweza. Tangu lini kitu kikapungua kikawa mzigo? Kwa hesabu zako, Ndugu Mhariri, mtu akizidi kuzaa anabaki na watoto wachache!

3. Ikafika harusi ya binti yetu. Mama yangu, ambaye masikio yake ni mazito, nilimketisha mbele kabisa, spika mbili kulia na mbili kushoto, ili amsikie mjukuu wake akiombewa baraka. Sikuwa na nia nyingine. Mke wangu akaninong'oneza, "Funga moja tu, nakusihi." Nikamwambia hapa si darasani. Baba wa bwana harusi, mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo, akashika kipaza sauti. Akasema, "Leo tumekuja ku—" na hapo amplifaya ikatoa harufu ya kandambili inayoungua, kisha moshi, kisha kimya. Wageni wakadhani moshi ni sehemu ya mapambo. Wakapiga makofi.

4. Kimya ndicho kilichonimaliza. Shemeji yangu, aliyezoea kusengenya chini ya muziki, alisikika ukumbi mzima akiuliza, "Lakini chakula kitatosha kweli?" Naye baba wa bwana harusi, alipoona kipaza sauti kimekufa, akashuka jukwaani, akapiga magoti mbele ya mama yangu na kuyarudia maneno yake yote sikioni mwake, taratibu, moja baada ya jingine. Mama akamshika shavu, akajibu kwa sauti aliyokuwa akituitia tukiwa watoto: "Nimewapa mjukuu wangu. Mkimliza, nakuja mwenyewe!" Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya kasha, najifanya natafuta waya.

5. Sasa mama anamwambia kila mgeni kwamba katika harusi zote alizoalikwa uzeeni, hiyo ndiyo pekee aliyoisikia. Unaona unavyonivunjia heshima? Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa namtikisa tu kwa mdundo, hasikii neno.

Kwa hiyo naomba mambo haya kwa unyenyekevu. Makala hiyo ifutwe. Omu zigawiwe upya kwa haki, mwenye spika nyingi apate nyingi. Na gazeti lako lisiuzwe kwa mtu mwenye ndoa bila kibali cha mwenye amplifaya.

Nisalimie wapiga chapa, wasambazaji, na watu wa nyumbani kwako wote. Aliyekuchorea ule mchoro wa nyaya msalimie pia, ila mwambie sijamsamehe.

Ni mimi niliyeunguliwa,
Bwana Mdundo, Seremala

Tanbihi: Kabla hujaifuta makala, tafadhali nitumie nakala nyingine, yetu imetobolewa na chuma cha moto cha kulehemia nyaya. Amplifaya imetengenezwa, na mke wangu amezifunga spika mbili mbili kwa mfululizo, hasi ya moja kwa chanya ya nyingine, kila jozi ikawa omu nane, kisha jozi hizo mbili akaziweka sambamba. Imetoka omu nne kamili kama ulivyoandika. Hazijawahi kulia vizuri namna hii. Majirani wamekuja kunipongeza nami nimewaambia nimezifunga mwenyewe, kwa hiyo aya hii usiichapishe.