Posa Tumboni mwa Korongo

Jumatatu, 2 Juni

Nimeamua kuoa. Mke ni Felicitas, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mwenye kicheko kikubwa kuliko kwaya yote ya Nkwenda. Yeye bado hajaambiwa. Hatari ni Rwegoshora, mgane mwenzangu: bati jipya, suruali za mstari wa pasi, meno yote. Mimi nina kipaji. Nakunja karatasi! Nilifundishwa na mtawa wa zahanati aliyekuwa akituliza watoto wa sindano. Mimi nilikwenda kwa ajili ya goti.

Mpango: naandika posa, naikunja iwe ndege, korongo. Mshenga wa nini? Atamaliza pombe ya rubisi njiani.

Jumatano, 4 Juni

Korongo wa kwanza alitoka kama kuku aliyepitiwa na bodaboda. Wa pili, kiatu. Wa tatu, safi! Ukimvuta mkia anapiga mabawa. Neno "nakuomba" limeangukia kwapani.

Nimempeleka mwenyewe. Felicitas akapiga kigelegele. Eti mzee wewe, na vidole hivyo vya kumenyea ndizi! Nikamwambia ndege huyo ana mengi tumboni. Akasema hata yeye, ametoka kula sasa hivi.

Ijumaa, 6 Juni

Kimya. Nimepita kwake mara nne nikitafuta mbuzi. Sina mbuzi. Korongo yuko juu ya kabati, ubavuni mwa Bikira Maria. Nikamshauri amfumue. Akaniita katili.

Ningeweza kusema tu. Lakini kazi yote ile! Nimekunja korongo mwingine. Ndani nimeandika: "Mfumue wa kwanza."

Jumapili, 8 Juni

Wa pili kawekwa kando ya wa kwanza. Felicitas anasema sasa ni bwana na bibi. Heri yao.

Baada ya misa akaingia kwa Felicitas Elpidius, mshenga wa Rwegoshora. Kibuyu cha rubisi, kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, na bahasha. Bahasha ya kaki, haina hata bawa! Kaka zake Felicitas wametafuna kahawa, barua ikasomwa kwa sauti. Hawana ubunifu watu hawa.

Jumanne, 10 Juni

Felicitas amemkubali Rwegoshora. Kaja mwenyewe kuniambia. Nami nikatoboa: posa yangu ilitangulia kwa siku nne, imo ndani ya ndege. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, Mzee Byarugaba, wewe ningekufikiria. Mdomo ulikuwa umemwazima nani?

Nikamjibu kwamba kusema kila mtu anaweza.

Anataka makorongo sitini ya kupamba harusi. Nimekubali. Dada yake Prudensia, naye mjane, anatoka Rugera kuja kusaidia kuyafunga. Nasikia kicheko ni kile kile.

Nimeliona kosa langu. Korongo ni mzuri mno, nani atakuwa na moyo wa kumfumua? Posa ya Prudensia nimeshaiandika. Naikunja iwe mamba. Mamba hana wa kumwonea huruma.