Kondoo Kumi Ndani ya Sauna

Jumatatu, 4 Novemba
Leo nimedhalilishwa dukani, kahawa mkononi! Jirani yangu Kalervo, adui wa miaka ishirini, kasema kondoo wangu wa aina ya Texel wanazaa kwa uchoyo, mmoja mmoja. Wake ni wa Kifini: watatu watatu, hata wanne. Nikamjibu tushindane. Majike kumi kwa kumi, tuhesabu wana mwezi wa Mei. Mshindi achukue malisho ya kisiwa cha Honkaluoto, alikolishia marehemu baba yangu miaka arobaini na sasa nalisha mimi. Nimerudi nyumbani na kikombe cha duka mkononi. Nilisahau tu.

Alhamisi, 7 Novemba
Dakta Saara, mtafiti wa chuo kikuu, kaja kuchukua sampuli za kondoo kwa Kalervo. Nimemvizia penye gari lake na sahani ya mikate ya iliki. Kasema jeni za kondoo wa Kalervo na wangu hazipishani sana. Kinachopishana ni bidii. Kwenye ovari za kondoo wa Kifini baadhi ya jeni zinachapa kazi, mayai yanapevuka mengi kwa mpigo. Za wangu zimetulia. Yaani zimelala! Nikauliza zinaamshwaje. Kasema haziamshwi, mzee wangu, wamezaliwa hivyo. Wasomi hawa! Kila Mfini anajua mwili uliolala unaamshwa wapi.

Jumamosi, 9 Novemba
Siku ya sauna, kibanda chetu cha kuoga mvuke. Nimewasha jiko asubuhi, nikaswaga ndani majike kumi pamoja na dume langu Jalmari, nikamwaga maji kwenye mawe. Mvuke safi! Wametafuna matawi yote ya kujichapia mwili tunapooga. Kabla sijawagaragaza kwenye theluji kama ilivyo desturi, Jalmari kaung'oa mlango kwa kichwa, karuka ua, kaingia kwa majike wa Kalervo. Mke wangu Tuulikki kakuta samadi kwenye ndoo ya kuogea. Kasema nichague, yeye au kondoo. Nikaomba nifikirie kwanza. Kosa.

Jumatano, 15 Januari
Daktari wa mifugo kapima mimba za majike wangu. Mmoja, mmoja, mmoja. Mashine mbovu! Nimemwambia.
Jalmari alikaa kwa Kalervo wiki mbili. Tulimtoa watu wanne.

Jumapili, 4 Mei
Mwenyekiti wa chama cha wafugaji, Bi Aune, kahesabu. Wangu kumi na mmoja. Wa Kalervo thelathini na watatu, na wote wana shingo nene ya Jalmari! Nikapanda juu ya ndoo nikatangaza: wana wa dume langu ni wangu, arobaini na wanne kwa sifuri! Bi Aune kasema shuka, Reino, mayai ni ya mama, na idadi huamuliwa na mama. Kalervo kanishukuru kwa kumwazima dume. Nimemkumbuka baba. Sikulia. Macho yalitoa maji.

Jumamosi, 7 Juni
Kalervo kavusha kondoo wake kisiwani. Nilisimama gatini nikatazama mpaka mwisho. Imeniuma sana. Lakini nimeshajua nilipokosea: sauna ya digrii sitini! Nani anaamka kwa sitini? Tisini, na mlango wa chuma! Nikamfuata Kalervo pale pale: Novemba tena, kumi kwa kumi. Kauliza nitaweka nini rehani, kisiwa sinacho tena. Tumepeana mikono.
Nimeweka sauna.
Tuulikki sijamwambia. Yumo humo sasa hivi, anaimba, ananiita nikamsugue mgongo.