Farasi Mweusi wa Dunga

Jamani, leo nimepata aibu ya kunitosha hadi Krismasi.

Asubuhi timu yetu ya kupiga makasia ilikuwa inachagua nahodha. Nimekitamani cheo hicho miaka miwili. (Kimoyomoyo. Kuongea mbele ya watu kwangu ni shida.) Mpinzani wangu alikuwa Otieno, ambaye ufuo mzima wa Dunga unamsalimia kwa jina. Nikataka kujitoa. Binamu yangu Ouma akanishika mkono.

"Wewe ni farasi mweusi!"

"Mimi farasi?"

"Sikiza. Zamani kwenye mbio za farasi, kulikuwa na yule ambaye watu hawamjui. Huo weusi si rangi, ni kutojulikana. Wote wanashangilia wale maarufu. Halafu huyo anawapita, paa! Siku hizi hata wanasiasa wanaitwa hivyo."

Mwili ukanisisimka. Kwa kutojulikana, nani ataniweza?

Sisi hupiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya unayemtaka. Wagombea huangalia ziwa, ili wasiweke kinyongo. Nikasimama. Mara Mama Adhis, muuza uji, akaja akaweka ndoo yake kando yangu. Nikasema moyoni, hata akina mama wako na mimi! Kisha nikasikia miguu. Mingi. Mtu akanipumulia shingoni. Mwingine huko nyuma akafoka, "Msisukumane!" (Wananigombania! Machozi yalinilenga.)

Mwenyekiti akasema tugeuke. Foleni yangu ilifika hadi kwenye mashua. Haya yangu yote ikanitoka.

"Ndugu zangu, asanteni kwa kuniamini! Sitawaangusha!"

Mzee wa mbele, suruali yake bado inachuruzika maji, akanitazama juu hadi chini.

"Kijana, sisi tumetoka kuvua. Unachukua uji ama huchukui?"

Dunga ikavunjika mbavu. Wenzangu wa timu, wote, walikuwa nyuma ya Otieno. Ouma pia!

"Ouma! Si ulisema nitawapita?"

"Nilisimama huku nione vizuri ukinipita."

Mama Adhis akanijazia kikombe kikubwa bila kuniuliza. Nikanywa nikiwa nimewapa mgongo.

Tafadhali msicheke. Na ukigombea chochote, kwanza uliza uji unauzwa wapi.