Lami Ikiisha, Badili Koti

Kwa mamlaka iliyojipa yenyewe, na baada ya vikao kumi na tisa vyenye donati, Halmashauri ya Wilaya ya Elk Fork, huko Montana, iliwatangazia wananchi wote kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Juni hakuna mtu atakayejichagulia mavazi ya kuendeshea pikipiki. Pikipiki ndiyo itakayochagua.

Mwenyekiti Dwight Haugen alilisoma tangazo mwenyewe kwenye ngazi za mahakama. Kanuni zilikuwa na kurasa arobaini na moja. Pikipiki ya kuegemea nyuma, ile yenye kiti kama sofa, ilitaka koti zito la ngozi lenye mashada kwenye mikono. Pikipiki ya mbio, inayomlaza mtu kifudifudi juu ya tangi, ilitaka suti nzima ya ngozi ambayo mvaaji hawezi kusimama wima ndani yake. Pikipiki ya vumbi ilitaka ngao ya plastiki kifuani, kinga za magoti na miwani mikubwa. Atakayevaa vya pikipiki nyingine atahesabika kuwa anajifanya mtu mwingine, jambo ambalo Mwenyekiti aliliita tishio kwa takwimu.

Mkaguzi aliyeteuliwa ni Marvin Opsahl. Kwa miaka sita Marvin alikuwa akihesabu panya wa mbugani kwa niaba ya wilaya, mpaka ilipobainika kwamba wanazaana bila kujali hesabu. Sasa alipewa fulana ya kung'aa, kiti cha kukunja, mhuri, na kizuizi cha chuma cha kuinua na kushusha, akawekwa pale ambapo lami inaishia na barabara ya changarawe inaanza kwenda kwenye ranchi. Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza aliipiga pasi fulana yake, ikayeyuka kola.

Saa mbili asubuhi akatokea Ingrid Tollefson, muuguzi wa miaka sitini na mmoja anayewazungukia wagonjwa majumbani. Pikipiki yake ilikuwa ndefu, nyembamba, yenye matairi ya kwenda popote.

"Habari za asubuhi, Mama Ingrid," alisema Marvin. "Pikipiki yako ni ya kundi gani?"

"La pikipiki zinazowaka."

Marvin alifungua kitabu. Ilimchukua muda, lakini akaipata ukurasa wa thelathini na tatu, chini ya kichwa kisemacho Pikipiki Zisizo na Msimamo. Pikipiki ya namna hiyo, ikiwa juu ya lami, ni ya kuegemea nyuma. Ikigusa changarawe, ni ya vumbi. Kwa hiyo mwendeshaji anatakiwa kubadili mavazi mpakani. Wilaya, kwa kuwajali wananchi wake, ilikuwa imesimamisha hema la kubadilishia.

Ingrid alilitazama hema, kisha akamtazama Marvin.

"Unajua mimi navaaje, mwanangu? Najiuliza nitakaaje na nitaangukia nini. Lami inachuna, kwa hiyo koti langu ni la kitambaa kisichochanika. Changarawe inagonga, kwa hiyo lina mito kwenye viwiko na mabega. Nakaa wima, upepo wote ni wangu, kwa hiyo ndani kuna bitana. Hiyo plastiki yenu inapitisha baridi hadi kwenye ini."

"Hayo ni maoni binafsi, mama."

"Ni mapaja binafsi, Marvin. Niliyachuna mwaka wa tisini na nane. Na wewe nilikuchanja ukiwa na meno mawili, ukaning'ata. Fungua."

Marvin hakufungua. Alimkabidhi fomu, na Ingrid akaingia hemani. Alitoka baada ya dakika ishirini na mbili akiwa amevaa kama kobe, akapita bila kuaga. Tangu siku hiyo koti lake alilifunga nyuma ya kiti, akawa anavaa mashada upande wa lami na plastiki upande wa changarawe, akibadili mara nne kwa siku.

Tatizo lilikuwa mzee Orville Bratt. Orville aliishi peke yake maili thelathini ndani ya changarawe, ana sukari, na kidonda cha mguuni kilichotakiwa kusafishwa kila siku. Kwa sababu ya hema, Ingrid alianza kufika kwake jioni badala ya mchana. Wiki ya pili kuna siku mbili hakufika kabisa.

"Kidonda kimeanza kunuka," alimwambia Marvin, akifunga vifungo vya ngao. "Kikiendelea hivi, daktari atakata. Andika na hilo kwenye daftari lako."

Marvin aliandika: Mguu wa Bratt, una mashaka. Kisha akaketi kwenye kiti chake cha kukunja na hakuweza kula mkate wake. Hakuwa amezoea kukosa hamu ya kula akiwa kazini. Jioni hiyo alimwandikia Mwenyekiti kuomba muuguzi asamehewe. Jibu lilikuja na mstari mwekundu chini yake: Hakuna msamaha bila fomu iliyotiwa saini na mimi mwenyewe, eneo la tukio, kwa kufuata Ibara ya Sita.

Mwenyekiti alifika eneo la tukio Alhamisi iliyofuata, kwa uzinduzi rasmi wa kanuni zake. Alikuja na mpiga picha wa gazeti na pikipiki mpya ya kuegemea nyuma, nzito kuliko ndama, iliyoshushwa kutoka kwenye lori. Hakuwahi kuendesha pikipiki maishani, lakini alikuwa ameongoza vikao vyote kumi na tisa. Kwa kuwa wajumbe walishindwa kukubaliana mkuu avae nini, alivaa vyote: suti ya mbio, juu yake ngao ya plastiki, juu yake koti la mashada, na glavu nene kama za kutolea mikate kwenye tanuri. Magoti hayakukunjika. Wanaume wawili walimpandisha, wakarudi mjini na lori lao.

Alivuka kizuizi kwa mwendo wa bata, akapungia kamera, akajaribu kugeuka kwenye changarawe. Pikipiki ikalala chini polepole, bila haraka yoyote, na mguu wa kushoto wa Mwenyekiti ukabaki chini yake. Marvin na mpiga picha walijaribu kuinyanyua. Haikutikisika.

Wakati huohuo Ingrid akawasili upande wa lami, akiwa na mashada yake.

"Mfungulie," alisema Haugen kutoka ardhini.

"Mheshimiwa, amevaa vazi la lami," alisema Marvin. "Wewe uko kwenye changarawe."

"Nakuamuru umfungulie."

"Amri iwe ya maandishi. Ibara ya Sita. Ulipigia mstari."

Marvin hakuwa akifanya mzaha, ingawa baadaye hakuna aliyemwamini. Alimletea fomu na kalamu. Kalamu iliteleza kwenye glavu mara tatu.

"Nivue hizi glavu."

"Mwendeshaji haruhusiwi kuvua glavu akiwa kwenye pikipiki."

"Siko kwenye pikipiki, Marvin. Pikipiki ndiyo iko juu yangu."

Marvin alipekua kitabu kwa uaminifu. "Kanuni haitofautishi," alisema.

"Msigombane," alisema Ingrid. "Naingia hemani kubadili. Dakika ishirini na mbili tu. Mheshimiwa, usiende popote."

Haugen alifumba macho. Marvin alimtazama, akamtazama muuguzi, halafu akaitazama ile barabara inayokwenda kwa Orville. Alirudi kwenye kisanduku chake cha fomu, akachagua karatasi kwa muda.

"Mheshimiwa, fomu ya msamaha ina nakala tatu, na inafaa kwa safari moja," alisema. "Ya kufuta kanuni zote ni ukurasa mmoja. Ibara ya Tisa inakuruhusu kuzifuta peke yako."

"Sasa nitaishikaje hiyo kalamu?"

"Kanuni haisemi lolote kuhusu meno."

Mwenyekiti aliitia saini kwa meno. Marvin aligonga mhuri, akainua kizuizi, na yeye, Ingrid na mpiga picha kwa pamoja wakainyanyua ile pikipiki. Ingrid alipiga magoti, akamkagua kuanzia juu. Kifua kizima. Viwiko vizima. Magoti mazima, ingawa bado hayakunjiki. Alipofika chini akaubonyeza mguu wa kushoto.

"Kifundo kimevunjika," alisema. "Hivi si viatu vya kuchezea dansi?"

"Ni vya sherehe," alisema Haugen kwa sauti ndogo.

"Kurasa arobaini na moja, na hakuna buti hata moja?"

"Miguu ilipelekwa kwenye kamati ndogo. Haijakutana bado."

Ingrid alimfunga banzi, akavua mashada, akavaa koti lake la siku zote na kumwachia Marvin kazi ya kusubiri gari la wagonjwa. Kabla ya saa sita alikuwa kwa Orville. Ilichukua kiangazi kizima, lakini mguu ulipona, na mzee anautembelea mpaka leo.

Kamati ndogo ya miguu ilikutana wiki hiyohiyo, hospitalini, wodi ya mifupa. Akidi ilitimia. Haugen alikuwa mwenyekiti, katibu, na ajenda pekee ya kikao.