Nyumba ya Mama Ndani ya Miwani

Jumanne, 4 Agosti

Wateja leo: mmoja. Picha ya pasipoti. Kagoma kutabasamu, nikamwambia afadhali, hairuhusiwi hata hivyo. Kutwa nzima nimekaa kwenye kigoda cha wateja nikitazama mapazia yangu. Pazia la maporomoko ya maji limeliwa na panya kwenye kona. Lile la ndege, ambalo watu walikuwa wakipanga foleni kupiga nalo picha kana kwamba wanasafiri, halijafunuliwa tangu mwaka juzi. Simu zimetumaliza. Kila mtu mpiga picha siku hizi, hata mama mkwe wangu!

Lakini saa kumi, redioni. Miwani! Wanaiita miwani ya uhalisia pepe. Unaivaa, inakuziba macho kabisa, halafu unajikuta uko mahali pengine. Ukigeuza shingo kulia, unaona kulia kwa mahali pale. Ukiinua uso, mbingu ya kule kule. Zamani ilikuwa ya marubani na wanajeshi, sasa mwakani itauzwa madukani kwa watu wa kawaida. Watu wa kawaida! Ndiye mimi!

Nimemweleza mama watoto. Kwamba madaktari watajifunza kupasua bila kumwaga tone la damu. Kwamba wanafunzi wataingia ndani ya moyo watembee humo. Kwamba mgonjwa atahudhuria harusi ya mpwa wake akiwa kitandani. Kaniuliza mgonjwa huyo chakula cha harusi ataletewa na nani. Watu wa namna hii ndio wanaoichelewesha dunia.

Studio yangu itakuwa Chumba cha Dunia. Kiti kimoja, miwani moja, foleni hadi barabarani. Mapazia nitayachoma moto.

Jumatano, 5 Agosti

Asubuhi duka la vifaa vya umeme, kujiandikisha. Muuzaji hana habari na miwani. Nikamwelimisha, nikamtaka afungue daftari la wanaosubiri. Akafungua shingo upande. Nimeliona jina langu kwa macho yangu: wa kwanza!

Kisha kwa dada. Mama yuko kwake tangu avunjike nyonga, huu mwaka wa pili. Amepungua sana. Nilipomshika mkono nikashtuka, nikauachia haraka nikajifanya natafuta leso.

Dada kanivuta jikoni. Yule mfanyabiashara aliyeinunua nyumba yetu ya zamani anaibomoa Jumatatu, anajenga ghala. Mama kasikia. Tangu asikie ana ombi moja tu: apelekwe akaione, hata asipotoka garini, hata kwa dakika kumi. Ni nyumba aliyoijenga Baba tofali kwa tofali, na sisi sote tumezaliwa mle. Dada keshaongea na jirani yake mwenye teksi, Jumamosi asubuhi. Kazi yangu mimi ni kumbeba Mama hadi garini, maana shemeji ana mgongo mbovu. Ni hiyo tu, kasema dada, na akarudia mara mbili kama anayemtuma mtoto dukani.

Nimemwonea huruma. Teksi! Zama hizi! Mama atingishwe njia nzima ile ya mashimo, na mfupa ule, wakati miwani iko njiani? Wazo likanijia palepale, hata chai sijamaliza. Nitaipiga picha nyumba nzima, pande zote kwa mpigo, kabla haijabomolewa. Mama ataingia humo kila siku akiwa juu ya mto wake. Hayo ndiyo mapenzi ya mtoto kwa mzazi, si dakika kumi dirishani.

Nikamweleza Mama kirefu. Akasikiliza. Kisha akauliza Jumamosi nitafika saa ngapi, ili awe tayari.

Alhamisi, 6 Agosti

Siku ya kumeza aibu. Kamera inayopiga pande zote mtaani kwetu ni moja, na ni ya Fundi Simu.

Fundi Simu ni binti wa miaka thelathini anayetengeneza simu mlango wa pili. Alikuja na meza moja na mwavuli. Leo ana vioo, ana kiyoyozi, ana wateja wangu. Ananiita mzee wangu. Nina miaka hamsini na nne tu!

Nikaenda kwa upole wote niliobakiwa nao. Kamera kanipa, sikatai. Kidude kama ndimu, jicho huku na jicho huku. Kwa kubadilishana anataka kutandaza bidhaa zake kwenye baraza langu. Nimekubali, baraza lenyewe hupitiwa na kuku tu. Akaanza kunielekeza: ukishabonyeza, mzee wangu, uondoke, ujifiche kabisa, kwa sababu… Nikamkatisha. Nilikuwa nasafisha filamu gizani kabla yeye hajaota meno. Atanifundisha mimi mahali pa kusimama? Thubutu!

Alasiri nimejitengenezea miwani ya muda. Boksi la viatu, gundi, na lenzi mbili nilizong'oa kwenye vidude vya kutazamia slaidi. Simu unaichomeka mbele. Nimemjaribisha mama watoto. Kageuka mara moja, kizunguzungu kikampata, kashika pazia la ndege ili asianguke. Wameanguka wote wawili. Ndege imechanika bawa. Yeye yu mzima, ila hasemi nami.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimepita dukani kuhakikisha nafasi yangu. Bado niko wa kwanza. Pia niko wa mwisho. Chini ya jina langu muuzaji ameandika sabuni, nyanya, betri za rimoti.

Mvua ya rasharasha. Mteja hakuna. Mchana nikamkumbuka Baba bila sababu, nikakaa hivyo hivyo mpaka nikafunga.

Jumamosi, 8 Agosti

Niandike kama ilivyokuwa.

Nilipofika kwa dada teksi ilikuwa mlangoni. Nikapakia. Stendi ya miguu mitatu, taa mbili, ngazi, kile kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga, boksi la nyaya. Kiti cha nyuma kikajaa. Cha mbele nikakaa mimi na kamera mapajani.

Dada akatoka kuuliza Mama atakaa wapi.

Mama alikuwa ameogeshwa tangu alfajiri. Gauni la kutokea. Kitambaa kichwani. Amekaa ukingoni mwa kitanda, shemeji kamshikilia bega, mkoba mapajani. Mkoba! Wa nini, jamani, na haendi kununua kitu? Nikapiga magoti nikamweleza kitaalamu: vifaa ni vingi, njia mbaya, na watu wakipita mbele ya kamera wanaharibu kazi. Yeye asichoke bure. Mimi nitamletea nyumba hapa hapa.

Mama akasema haya, mwanangu. Akampa dada mkoba auweke juu ya kabati.

Maneno ya dada siyaandiki. Shajara hii itasomwa na watoto wangu siku moja.

Nyumba tupu. Milango imeshang'olewa, mabati ya jikoni hayapo. Nikafanya kazi chumba kwa chumba, kwa utaratibu. Tatizo moja dogo: kamera ile haina nyuma. Miaka thelathini nimesimama nyuma ya kamera. Nikisimama huku, jicho linanitazama. Nikihamia kule, jicho lingine linanitazama. Basi nikawa naizunguka nikitafuta mgongo wake. Dereva akachungulia, akaniuliza nimeangusha nini.

Chumbani kwa Baba kulabu bado iko darini, ile aliyokuwa akitundikia baiskeli yake. Nikalia kidogo. Nikajifuta kwa kile kitambaa cheupe nikaendelea.

Jumatatu, 10 Agosti

Mungu wangu.

Fundi Simu kanihamishia picha za video kwenye simu. Akazitazama kwanza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaita wateja.

Ni mimi! Kila chumba, mimi! Nazunguka, nazunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Sebuleni nazunguka huku najikuna makalio. Jikoni nimejikunyata, natembea kwa magoti, nikiamini sionekani. Chumbani kwa Baba nalia, mdomo wazi, halafu nazunguka tena. Dakika saba nzima za nyumba, na hakuna hata sekunde moja isiyo na huyu mtu mwenye suruali iliyolegea.

Nimekimbia kwenda kurudia. Nimekimbia kweli, kwa miguu, viatu mkononi. Tingatinga lilikuwa limeshamaliza. Imebaki ngazi ya mlango wa jikoni tu. Nikaikalia. Msimamizi akaja akaniambia kwa adabu nisogee, nayo inaondolewa.

Jumatano, 12 Agosti

Sikutaka kwenda. Dada kasema nisipokuja na hilo boksi leo nisikanyage tena kwake.

Tukamketisha Mama, mito mitatu mgongoni. Dada akalishika boksi kwa mikono miwili lisimwangukie puani. Nikawasha nikajibanza kwenye kona, uso umenishuka.

Kwanza akataja dirisha. Kisha mahali palipokuwa na mtungi. Akasema ukuta wa sebule umepauka. Nikaanza kujipa moyo, labda macho yake hayaoni mbali.

Halafu akaanza kugeuza shingo. Pole pole, kushoto, kushoto zaidi. Mama, ambaye tangu Pasaka hata kugeukia uji hageuki! Dada akamuuliza anatafuta nini. Mama akasema huyu hapa. Akasema amekonda. Akasema suruali hiyo nani kamnunulia, na kwa nini hafungi mkanda. Akazidi kugeuka, dada akizunguka kitanda na boksi, shemeji akihamisha mito. Nyumba hakuitaja tena. Alikuwa akinifuata mimi, huku akicheka.

Chumbani kwa Baba akaacha kucheka. Akauliza kwa nini nalia, na mbona peke yangu. Akanyoosha mkono mbele ya boksi, hewani, akautingisha kama anayetafuta swichi gizani. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale.

Zilipoisha dakika saba akataka tena. Na tena. Mara nne. Dada akatoka nje kulia, hata sijui kwa lipi.

Nimefedheheka! Miaka thelathini ya kazi, na picha ninayompigia mama yangu mzazi imejaa mimi! Nimemwomba radhi. Nimemwambia lile ni kosa la kiufundi, nitalisafisha. Akashika kidole changu akasema niache hivyo hivyo. Akauliza kesho nitakuja? Nikamwambia kesho nina kazi, kazi yake yeye mwenyewe. Boksi na simu nimeondoka navyo.

Jumapili, 16 Agosti

Iko programu ya kufuta mtu kwenye picha. Fundi Simu kanionyesha, halafu kwa kiherehere chake akanishauri nisifute. Kasema yeye angetoa chochote kuwa na picha kama hiyo ya marehemu baba yake anayejikuna. Wivu wa kikazi. Nimemwambia akauze chaja.

Kila sekunde ni picha thelathini. Kila picha nina kichwa, mikono miwili, kivuli. Kivuli ndicho kinachonitesa. Leo nimeumaliza mkono wangu wa kushoto, sebuleni, sekunde mbili za mwanzo.

Dada kapiga simu saa nne. Mama anauliza boksi. Nikamjibu liko kazini.

Jumanne, 25 Agosti

Mteja hakuna wiki ya pili. Nashukuru, napata nafasi ya kujifuta.

Duka la vifaa vya umeme wametangaza miwani haitaletwa mwakani, labda mwaka wa baadaye. Wengine wangekata tamaa. Mimi nimeona ni heri: nitakuwa nimemaliza vyumba vyote, na siku miwani halisi ikitua, Mama anavishwa kitu safi. Nyumba tupu, tulivu, kama Baba alivyoijenga.

Dada kapiga mara tatu leo. Ya kwanza kusema Mama hali, anaonja tu. Ya pili kusema daktari kapita, kamshika mkono dada mlangoni akamwambia walio mbali waitwe. Mimi siko mbali, ni mwendo wa nusu saa. Ya tatu kusema Mama anamuulizia yule anayezunguka. Kwamba usiku na mchana anamuulizia huyo huyo. Kwamba kama siwezi kuja mwenyewe basi walau nilete boksi, hata kwa saa moja.

Wanawake hawaelewi mambo ya kazi. Niache sasa, wakati ndiyo kwanza nafika jikoni? Nimeongea naye taratibu, kama kaka. Nimemwambia nimeshajifuta magoti yote mawili, bado kichwa. Amwambie Mama avumilie kidogo. Nikishamaliza, hataniona tena hata kidogo.